Ombi la Kufutwa kwa Video ya Mababu Wasioisha

Bumula.

Kwa Nangila, mjukuu wangu na Mkurugenzi wa Video, Kitale.

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Nakuandikia mimi, mtu wa kwanza Bumula kufundisha dunia kompyuta. Sawa, si kweli. Nilikaa tu kwenye kiti, nikatajataja watu waliokufa. Lakini kiti kilikuwa changu.

Ulipokuja kunipiga video ya somo lako la kompyuta, ulinieleza vizuri: kompyuta ikipewa swali kubwa, inajiuliza lile lile likiwa dogo kidogo, tena dogo, mpaka ifike pahali jibu linajulikana. Hapo inasimama. Ukasema mfano ni ukoo: niulizwe baba yangu, kisha baba yake, mpaka yule wa kwanza. Nikakubali kwa moyo safi. Sasa nalalamika.

1. Ulinipiga picha bila kofia. Kichwa kinang'aa kuliko sufuria za nyanya yako Wilkista, na yeye mwenyewe amethibitisha.

2. Nilisema ukweli. Mimi ni Wekoye wa Wakoli. Wakoli ni wa Wekoye, maana kwetu mtoto hupewa jina la babu yake, si unajua? Huyo Wekoye naye ni wa Wakoli. Nikaenda hivyo raundi kumi na moja, na wewe umeshika kamera tu. Ungekohoa, bana!

3. Chini yangu ukaandika kwa rangi nyekundu: "Hii haina pahali pa kusimama. Kompyuta ikipewa hivi inaanguka." Mimi sikuanguka. Nilimaliza, nikanywa chai. Kama mashine inashindwa na wazee wa ukoo mmoja, mwenye makosa ni nani? Irudishwe dukani.

4. Pale tunaposaga mahindi, watoto wananiita Raundi. Juzi mama mmoja nisiyemjua alinipigia kelele, "Mzee, simama hapo hapo, usiendelee!" Nilikuwa navuka barabara tu.

5. Hili ndilo linauma. Jumamosi tunamzika Hesbon, ndugu yetu wa ukoo. Kutaja mababu mbele ya waombolezaji ni kazi yangu, mwaka wa ishirini na sita sasa. Wazee wamempa Kizito. Ati yeye anajua pa kusimama. Kizito! Mtu aliyepoteza ng'ombe wake mwenyewe mnadani akauziwa tena! Nangila, miaka hiyo yote nilikuwa nikifika babu wa tano nazunguka. Watu wanalia, nani atahesabu? Wewe umewafundisha kuhesabu.

Kwa hivyo futa. Futa Kitale, futa Bungoma, futa mpaka Uganda. Na hao elfu mbili waliokwisha kutazama, waandikie mmoja mmoja wasahau.

Nisalimie Chelagat mwenye nyumba wako, wenzako wote wa darasa, na hata yule aliyecheka nyuma ya kamera. Nyanya yako anakusalimia, bado anacheka.

Wako katika ukoo mrefu sana,
Wekoye, babu yako, kuka wako.

N.B. Usifute kwanza. Jirani yangu Kigen amenisomea yaliyoandikwa chini ya video. Kuna mama mzee wa Malakisi, Nasike, amemwambia mjukuu wake aandike hivi: "Huyo Wakoli wa mwisho namjua. Hakuwa wa Wekoye. Babake alishuka kutoka mlimani, na jina lake lilikuwa..." Hapo simu ya Kigen ikazima, na stima imepotea tangu jana. Nilikaa juani siku nzima kwa ajili yako bila kuomba kitu. Nisomee hilo jina moja tu, ulitume kabla ya Jumamosi, nami nipate pa kusimama.