Inchi Moja ya Uenyekiti

Jumamosi, 2 Agosti 2025. Chaka.
Nimepata wito wangu! Abdiaziz, muuza ng'ombe wa Nanyuki, amenionyesha mchezo wa vita wa mezani. Askari wa plastiki, kimo cha kidole gumba. Unawaunganisha, unawapaka rangi, unawapanga mezani, unarusha dadu. Kila zamu askari anatembea inchi sita, zikipimwa kwa tepu. Nimenunua boksi papo hapo. Kihara naye akanunua. Huyu anauza misumari na simenti mkabala na kwangu, na kila nikianza kitu anarukia.
Tuko watatu, kwa hivyo tumeunda kikundi. Abdiaziz amejichukulia uweka hazina, ati hataki makelele. Uenyekiti tutaupigania mimi na Kihara Jumamosi ijayo. Atakayeshindwa ni katibu: kuandika kumbukumbu na kupanga viti. Tayari najisikia nikifungua mkutano!

Jumatatu, 4 Agosti.
Askari wamekuja vipande vipande, kama kuku wa supu. Gundi inashika vizuri sana. Imeshika hata kitambaa cha meza. Askari wawili vichwa vimeangalia nyuma. Nimewafanya walinzi. Rangi sina, nimetumia ya kucha ya binti yangu Lynn. Waridi. Wanang'aa!
Kihara amechungulia dirishani. "Mzee, hao ni askari ama ni wasimamizi wa harusi?" Acheke. Jumamosi ataniita mwenyekiti.

Jumatano, 6 Agosti.
Mpango umenijia nikinyoa ndevu. Mke wangu Watiri ni fundi wa nguo. Nimechukua tepu yake, nikakata inchi ya kwanza kwa wembe. Sasa inaanzia moja. Askari wa Kihara, kwa tepu ya duka lake, ataanza safari kwenye sufuri. Wangu ataanza akiwa na inchi moja mfukoni! Kile kibati cha mwanzoni mwa tepu nimekibana tena mahali pake kwa koleo. Kazi safi.
Watiri akaitafuta tepu, vipimo vya kwaya alishachukua wiki jana, sasa anakata kanzu. Nikampelekea mwenyewe. Akasema siku hizi Baba Lynn anasaidia.

Jumamosi, 9 Agosti. Nanyuki.
Nimeazima tepu tena. Meza iko katika stoo ya Abdiaziz, katikati ya magunia ya chumvi ya ng'ombe. Kihara akaichukua tepu yangu, akaiangalia, akatabasamu. "Pima na hiyo yako, jenerali. Hiyo hiyo." Abdiaziz alifungua mdomo. Kihara akamkanyaga mguu.
Nikaamuru shambulio! Inchi sita kamili, nimesoma kwa macho yangu. Waridi wangu wakasimama inchi moja kabla ya kumfikia adui, wakimtazama. Akawafagia. Zamu ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Walinzi wa vichwa vya nyuma hawakuona hata kilichowaua.
Abdiaziz akaniambia pole sana, katibu. Nilipanga viti.

Jumapili, 10 Agosti.
Kwaya imetoka mbele na kanzu mpya. Mikono imeishia juu ya kiwiko cha... hapana, si vibaya hivyo, lakini imeishia mapema. Vifua vimebana. Wangui, mwimbaji wa sauti ya juu, alivuta pumzi ya kiitikio, kifungo kikamrukia mchungaji.
Nyumbani Watiri akatandika tepu mezani. "Baba Lynn, iko wapi sufuri? Hii inaanzia moja. Ukisoma sita hapa umepata tano. Tano! Hata mtoto wa nasari anajua." Nikasema ni panya. Akasema panya huyo ana koleo.
Sasa nafumua pindo za kanzu zote. Si kitu, ni kazi inayoacha kichwa huru. Nimeitisha marudiano, na ajenda nimeandika mwenyewe. Ndiyo raha ya ukatibu! Na kosa la jana nimelipata. Kila shambulio lilipungua inchi moja. Moja tu! Maana yake niliyokata haikutosha.
Watiri akitoka kununua uzi, nakata ya pili.