Mgonjwa wa Serikali Akataa Kufa

Mwezi wa Machi, mwaka 1955, Bodi ya Upimaji wa Wauguzi Wenyeji iliutangazia umma wa Nairobi jambo zito: wanafunzi wa uuguzi walikuwa wamefaulu kupita kiasi. Wasichana ishirini walifanya mtihani wa kuandika na wote ishirini wakaupita. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa afisi ya Bodi mjini, juu taji, chini muhuri, na katikati maelezo kwamba tatizo hilo linashughulikiwa na wagonjwa wasiwe na wasiwasi.

Tatizo lilikuwa la kweli. Kabati la Bodi lilikuwa na beji kumi na mbili, na muuguzi asiye na beji si muuguzi. Beji zilitoka London kwa meli na zilichukua karibu mwaka mzima. Bodi ikaketi siku mbili, ikamaliza makopo matatu ya biskuti, ikaunda Kamati Ndogo ya Kuchunguza Kufaulu. Kamati ikagundua kwamba chanzo cha kufaulu kilikuwa kusoma. Ikabaki kuamua nani kakosea, beji au wasichana. Mwenyekiti, Bwana Thistlewood, alikumbusha kikao kwamba beji zimetengenezwa Uingereza na haziwezi kukosea. Basi wasichana wanane wakawa wamezidi.

Kulikuwa kumesalia sehemu ya pili ya mtihani, ile ya kumhudumia mgonjwa kitandani, na hapo ndipo Dalmas Odero alipoitwa.

Odero alikuwa Mgonjwa wa Serikali, Daraja la Pili. Hakuwa na ugonjwa wowote. Kila asubuhi alipanda baiskeli kutoka Kaloleni mpaka shule moja ya wauguzi upande wa Muthangari, akivuka mji mzima bila kuhema, kisha akavua viatu, akavaa pajama za mistari, akalala, akaanza kazi. Jumatatu aliugua malaria, Jumanne mguu uliovunjika, Jumatano mapafu, na wasichana wakajifunza juu yake. Kwa miaka saba aliugua bila kukosa hata siku moja, isipokuwa mara ile aliposhikwa na homa ya kweli akaomba ruhusa, maana mtu mgonjwa hawezi kwenda kazini. Majirani wakimcheka kwamba analipwa kulala, aliwajibu kwa upole kwamba kuna kulala na kuna kulala kwa ujuzi. Kanuni za Bodi alizijua zote kichwani. Zilikuwa zimebandikwa ukutani mbele ya kitanda chake, na mtu aliyelazwa chali miaka saba angesoma nini kingine?

"Odero," Bwana Thistlewood alimwambia kwa kile Kiswahili chake cha kuamrishia bustani, "weye napona mingi sana. Kila msichana nashika weye, weye napona. Hapana mzuri."

"Wananitunza vizuri, bwana."

"Hapana maneno. Sasa weye kufa. Mara nane."

Odero akajiinua kitandani. "Mara nane, bwana? Yote pamoja ama moja moja?"

"Moja moja. Karani iko na majina."

Karani wa Bodi, Jamleck Mungai, alikuwa kijana mnyoofu aliyependa kanuni kama wengine wapendavyo nyama. Akaeleza kwamba kwa mujibu wa Kanuni ya Tisa, mtahiniwa ambaye mgonjwa wake atafariki mikononi mwake ni mtahiniwa aliyeshindwa. Fomu nane za kifo zilikuwa tayari, na Bwana Mkubwa ameshazitia sahihi zote mapema ili kuokoa muda. Kilichobaki ni kujaza jina la marehemu, la msichana, na saa. Kila fomu ilikuwa na nakala tatu. Moja ilibaki kwa Bodi, moja ilisambazwa kwenye afisi za serikali mjini, na moja ilikwenda London kwa ndege siku iyo hiyo, kwa sababu Bodi iliamini kwamba habari za wafu ni za haraka. Habari za walio hai zilikwenda kwa meli.

"Ukifa vizuri," Jamleck akaongeza kwa sauti ya chini, "utapanda Daraja la Kwanza. Mto wa pili, na blanketi ya sufu."

Odero alifurahi, kusema kweli. Miaka saba hakuna aliyewahi kumpa kazi ya uzito huo. Jioni alifanya mazoezi Kaloleni, akilegeza shingo na kuachia mkono uanguke kando ya kiti, mpaka mkewe Peres akaweka sufuria chini.

"Baba Awiti, na sasa hii ni nini?"

"Kazi imeongezeka," Odero akajibu, macho yamefumba.

Jumatatu alikufa mara tatu, Jumanne mbili, Jumatano mbili. Alikufa kwa ustadi. Mtahini, Sista mmoja wa Kiskoti ambaye hakuna aliyewahi kuona meno yake, alifuata kanuni na kuandika alivyoona. Lakini maiti ana masikio. Kila alipofumba macho Odero aliwasikia wale wasichana wakilia polepole ili wasipoteze alama za utulivu, na mmoja akamwomba msamaha kwa kumwua. Blanketi ya sufu ikaanza kumwasha kabla hajapewa.

Alhamisi ilikuwa zamu ya Hannah Njambi wa Riruta, wa nane na wa mwisho kwenye orodha.

Huyu alikuwa anaufanya mtihani mara ya tatu, na sheria ilisema ya tatu ndiyo basi. Akianguka, jina linafutwa milele. Mwaka wa kwanza aliangushwa kwa kuwa beji ziliishia mtu mmoja kabla yake. Mwaka wa pili aliweka kipimajoto upande wa kushoto wakati mtahini amesimama kulia. Kule Riruta akina mama wa kanisa walikuwa wamejenga chumba cha mabati, wakaweka kitanda, meza na kabati la dawa, na chumba hicho kilikuwa kimefungwa kufuli miaka miwili kikisubiri muuguzi mwenye beji, kwa kuwa bila beji ni marufuku kukifungua. Julai iliyopita dada yake Hannah, Virginia, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Wakamkimbiza hospitali ya mjini kwa mkokoteni. Kwenye kizuizi cha askari wakaambiwa wasubiri mwenye kukagua pasi za kuingia mjini amalize chai. Alipomaliza, Virginia hakuhitaji pasi tena.

Hannah alishika mkono wa Odero akahesabu mapigo dakika nzima, bila haraka. Kisha akainama kama anayenyosha shuka.

"Mzee, wenzangu wameniambia. Najua leo utanifia."

Odero alihema kwa shida. Mgonjwa wa homa ya mapafu haongei.

"Sina kinyongo na wewe. Wewe umetumwa. Lakini kama ni kufa, utakufa ukiwa msafi."

Akaleta beseni. Akamwosha uso, akamwosha mikono, akamwosha miguu mpaka katikati ya vidole, akamgeuzia mto upande wa baridi. Alama za hayo hazikuwapo, na yeye alijua. Odero aliona aibu, aibu ya kweli, ya mtu mzima. Alikuwa amekufa mara saba wiki hiyo, na hii ndiyo mara ya kwanza aliyojihisi mfu.

Jamleck akakohoa. Ndiyo ilikuwa ishara.

Odero akakodoa macho.

Jamleck akakohoa tena, safari hii kwa mujibu wa kanuni. "Odero, saa imefika."

"Saa ya nini?"

"Ya kufariki."

"Leo siwezi," Odero akasema, akaketi. "Najisikia vizuri sana. Huyu msichana amenitibu."

Bwana Thistlewood, aliyekuwa dirishani, aligeuka mwekundu. Kesho yake alikuwa atunukiwe nishani kwenye karamu ya chai huko Westlands, kwa kuinua viwango vya uuguzi, na viwango vilikuwa vimebakiza maiti moja tu. Akamfukuza Odero kazi papo hapo kwa kosa la kuwa hai kinyume cha amri. Odero akavua pajama, akazikunja vizuri, akaondoka na baiskeli yake.

"Mimi nakufa mwenyewe," Thistlewood akatangaza. Akalala kitandani.

"Bwana Mkubwa, viatu," Jamleck akamkumbusha. "Kanuni ya Pili."

Thistlewood akavua viatu, akafumba macho, akafa kwa sekunde nne bila dalili yoyote. Kazi mbovu, Odero angeona haya kuitazama.

Hannah akaangalia saa yake, akaandika. "Sista, mgonjwa amefariki. Niendelee na huduma za mwisho?"

Huduma za mwisho zilikuwa kwenye mtaala. Sista akatazama kitanda kwa muda mrefu kidogo. "Endelea," akasema.

Hannah akamfumba marehemu macho kwa kidole gumba, kwa nguvu ipasayo. Akampitishia bandeji chini ya kidevu na kuifunga fundo utosini ili taya isianguke. Akamfunga vifundo vya miguu, akamnyosha mikono ubavuni, akamfungia kidoleni kadi yenye jina na saa, akamviringisha shuka na kuibana kwa pini kumi na mbili. Katikati ya kazi marehemu alianza kunguruma puani na kujipindapinda.

"Kanuni ya Kumi na Moja," Jamleck akasoma. "Sauti yoyote itokayo kwa maiti ni hewa."

Sista akampa Hannah ishirini kwa ishirini, kisha kwa masikitiko akaandika kwamba ameshindwa mtihani kwa kufiwa na mgonjwa. Maiti ikasukumwa mpaka chumba cha baridi palipowekwa maziwa, ikakaa humo hadi mpishi alipokwenda kuchukua maziwa ya chai ya saa kumi, akapiga yowe. Fomu ya nane ilikuwa imeshaondoka. Mahali pa jina la marehemu Jamleck alijaza jina la aliyekuwa kitandani, kama fomu ilivyotaka. Asingeandika Odero, huo ungekuwa uongo.

Ijumaa Bwana Thistlewood alifika Westlands amechelewa, akakuta wageni wote wamesimama kimya, vichwa vimeinama. Naye akasimama nyuma akainamisha kichwa, akisikitika kwa adabu, mpaka jina la marehemu lilipotajwa.

Jumatatu simu ya maandishi iliingia kutoka London. Ilitoa pole, ilitaja mwenyekiti mpya, na ilitaka nyumba ya marehemu iwe wazi kufikia mwisho wa mwezi. Thistlewood akaingia afisini akipiga meza.

"Mungai! Mimi iko hapa! Weye naona mimi!"

"Nakuona, bwana," Jamleck akasema kwa huzuni. "Lakini kuona si ushahidi. Fomu ina sahihi ya Mwenyekiti." Akafungua kitabu. "Kanuni ya Kumi na Mbili. Anayethibitisha uhai ni yule yule aliyethibitisha kifo. Awe na beji. Na vifo vifutwe kwa mpangilio wa daftari. Bwana ni wa nane. Wa kwanza mpaka wa saba ni Odero."

Odero naye alikuwa na yake. Alikuwa amekwenda afisi ya kazi kutafuta kibarua, wakatazama kipande chake cha utambulisho wakamwambia mwenye namba hiyo amekufa mara saba, mara ya mwisho Jumatano, na serikali haiajiri mtu wa aina hiyo. Kwa hiyo siku Thistlewood alipoteremka garini Riruta, jasho likimtoka, alimkuta Odero ametangulia kufika kwenye kile chumba cha mabati. Hannah alikuwa ameketi kwenye ngazi, kufuli nyuma yake.

"Ningependa sana, bwana," Hannah akasema, "lakini sina beji. Na wenzangu saba hawana, na wao ndio wenye vifo vya huyu mzee. Yeye lazima afufuliwe kwanza."

"Beji kwisha! Kumi na mbili yote nagawa!"

"Basi tusubiri meli."

Thistlewood akatazama kufuli, akatazama akina mama waliobeba watoto kando ya ua wakimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi alielewa maana ya kusubiri beji. Hakupenda.

Yeye mwenyewe hakuweza kuandika London, kwa kuwa barua za wafu hazipokelewi. Aliandika mkewe, kama mjane, akisema haja ya mwisho ya marehemu ilikuwa wasichana wanane wahesabiwe wamefaulu, na beji zao zitumwe. London iliguswa sana. Beji ambazo kwa miaka yote hazikuwa na njia nyingine ila bahari zilifika kwa ndege baada ya siku tisa.

Kufuli ya Riruta ikavunjwa Jumanne. Wasichana saba, beji vifuani, wakampima Odero mmoja baada ya mwingine, akatangazwa yuko hai mara saba, kila mara kwa vigelegele. Thistlewood akangoja kwenye benchi kati ya mama mwenye mapacha na mzee wa kikohozi. Alipojaribu kuruka foleni yule mama alimwambia, "Baba, hapa kila mtu anaumwa," naye akarudi kukaa.

Zamu yake ilipofika Hannah alimshika mkono, akahesabu dakika nzima, bila haraka, vilevile.

"Fungua mdomo. Vuta pumzi. Toa." Akaandika neno moja: *Hai.* Akapiga muhuri nakala tatu.

Thistlewood akanyosha mkono. "Leta. Mimi natuma London leo, kwa ndege."

"Haiwezekani, bwana," akasema Jamleck, aliyekuwa amekuja na daftari. "Habari za walio hai huenda kwa meli. Ni agizo lako."

Odero ndiye aliyemhurumia. Alifungua mkoba wa baiskeli yake akatoa kifurushi.

"Ni mwaka mmoja tu, bwana," akasema. "Ile kazi yangu bado iko wazi, na wewe umeshaonyesha unaijua. Pajama hizi hapa. Mama Awiti amezifua."