Mjomba Asiyekuwemo Kitabuni

Leo nimeumbuka. Nimeumbuka mezani, mbele ya sahani ya pilau, mbele ya baba yake Neema.

Kwa wasiomjua, Neema ndiye ninayetaka kumuoa. Baba yake ni mwalimu mstaafu kutoka Tanga, amekuja kumtembelea bintiye huku ughaibuni, Roseville, na Ijumaa anapanda ndege kurudi. Washenga wangu wamepangiwa Alhamisi. Mwenye neno la mwisho ni yeye tu.

Wiki ile aliyofika aliniazima riwaya aipendayo, imechakaa, imejaa alama za penseli. Akasema niisome, tuizungumze kabla hajaondoka. Kwa mzee huyu, mtu asiyemaliza kitabu hana subira, na asiye na subira hapewi binti yake. (Filamu anasema ni za watu wavivu wa kufikiri.) Nikaipokea kwa mikono miwili.

Nikaitunza vizuri sana. Wiki tatu juu ya friji, sikukunja hata ukurasa mmoja.

Jana Jumamosi nikakumbuka. Kurasa mia tatu na arobaini! Nikajipa moyo: hadithi hii ilitengenezewa filamu, na filamu yenyewe ninayo kwenye CD niliyoletewa na binamu yangu kutoka Dar. Nikaiweka kwenye kompyuta, nikawa napiga pasi. Ni zile zilizotafsiriwa za mabanda ya video, mnazijua: jamaa anaongea Kiswahili juu ya filamu nzima, mwanzo mwisho, anaongeza ya kwake, na katikati unaambiwa hapo nje kuna soda baridi. Baada ya saa mbili nilikuwa nimemaliza riwaya. Na nguo.

Leo baada ya kanisa nikaenda. Viatu mlangoni, shikamoo, marahaba, pilau. Mzee akaniuliza nimekionaje kitabu. Hapo ningesema "kizuri, Baba" nikaendelea kula, saa hizi ningekuwa mtu. Lakini mdomo huu!

Nikaanza kwa kuziponda filamu. Nikasema sisi vijana tumepotea, mtu anakaa kutafuniwa kila kitu, wakati kitabu kinakufanya ufikiri mwenyewe. Mzee akaitikia kwa kichwa. Neema akaniongezea nyama bila kuombwa. Nikaona posa imeshapita.

Nikaingia kwenye hadithi. Dereva wa treni anavusha wagonjwa milimani wakati wa vita, hilo nililipatia. Kisha nikasema kilichoniliza ni mjomba. Yule mjomba aliyemdhulumu dereva shamba la urithi, halafu kila treni inaporudi stesheni anatokea na ndoo yake, anaona haya kuomba msamaha. Nikaweka kijiko chini. Nikafuta jicho (lilikuwa kavu).

Mzee akaacha kutafuna.

"Mjomba yupi?"

"Mjomba Athumani, Baba."

Jina nililisikia wakati linatoka. Treni ya Ulaya, theluji hadi dirishani, wazungu watupu, na mjomba anaitwa Athumani! Neema akanikanyaga chini ya meza, na mimi nimevaa soksi tu.

Mzee akajipangusa mikono taratibu. Akaniuliza, huyo Athumani alipokuwa anaona haya, kuna mtu alimkatiza kutangaza soda?

Niliitazama pilau.

"Kijana, shule yangu ilipakana na banda la video," akasema. "Kila siku nilikuwa nakwenda kuwatoa wanafunzi mle. Hiyo filamu nimeiona mara nne, nimesimama mlangoni na fimbo. Yule mzee wa ndoo ni mfagiaji wa stesheni. Hana undugu na mtu."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu haikunifikisha hata kwenye matunda.

"Si uliniambia ume-finish?" Neema akasema, kisha akakimbilia jikoni. Nilidhani analia. Nikasikia anacheka, tena anacheka ameshika sinki.

Nikaomba radhi. Nikasema ukweli wote, pamoja na ule wa pasi. Hapo sitanii, niliogopa. Neema nampenda, na nilikuwa nimemweka rehani kwa uvivu wa wiki tatu. Mwishowe mzee akasema washenga waje Alhamisi kama walivyopangiwa, ila mimi nitangulie saa moja kabla yao, na kitabu mkononi. Ataniuliza swali moja kutoka kila sura. Sura ziko ishirini na sita.

"Na kama nitakuwa sijamaliza, Baba?"

"Basi washenga watakunywa chai, warudi kwao."

Sasa niko nyumbani kwangu, mtaa wa Phillips. CD nimempelekea jirani, ambaye hajui hata neno moja la Kiswahili, kwa hiyo iko salama. Nikimaliza kuwaandikia haya nazima kompyuta hadi Alhamisi.

Jamani, msinicheke. Niko ukurasa wa kumi na mbili. Kitabu ni kizuri kuliko nilivyodhani, mzee ana haki yake. Lakini kusema kweli, kinahitaji mjomba.