Kiti cha Kuinua Wateja

Jumatatu, 3 Machi
Nimeipata! Wenye migahawa wote wana kilio kimoja: mteja hunywa kikombe kimoja, kisha akakaa mpaka jioni. Dawa yake ni kiti changu. Kimeinama mbele kidogo, kidogo tu, macho hayaoni. Makalio ndiyo yanayojua. Muda si mrefu mtu anakumbuka ana safari.

Majaji wa tuzo ya samani za biashara wanakuja Ijumaa kukagua studio yetu. Shangazi, mwenye studio, amesema atakayesifiwa na majaji ndiye atakayeongoza chumba cha michoro. Tumebaki wawili, mimi na binamu yangu. Yeye kabuni meza ndefu ya kuegemea, ya watu wanaosubiri chakula cha kubeba. Meza isiyo na kiti! Namhurumia.

Jumanne, 4 Machi
Nimemkalisha fundi seremala kwenye kiti changu nikamwomba maoni. Aliinuka kabla sijamaliza swali. Eti ana kazi. Ushindi!

Binamu kutwa nzima alikuwa akipapasa ukingo wa meza yake na kuupiga msasa. Mpole kupita kiasi. Nawajua watu wa aina hiyo.

Jumatano, 5 Machi
Nimependekeza majaji wakalishwe kwenye viti vyangu, na meza ya Binamu isogezwe kule mwisho, dirishani, ipate mwanga. Binamu akasema asante. Asante! Shangazi akanikumbusha kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamjibu changu hakijitembezi, kinatembeza watu. Hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeficha viti vingine vyote stoo. Mgongo wangu, jamani! Hotuba imefika kurasa kumi na moja. Mke wangu kaisikiliza mpaka ukurasa wa pili, halafu akakumbuka nguo kwenye kamba. Na alikuwa amekaa kwenye kochi.

Ijumaa, 7 Machi
Siku mbaya. Majaji watatu wakakaa, nikaanza kusoma. Ukurasa wa tatu, jaji mkuu, mama mmoja wa miwani, akainuka kunyoosha miguu. Wa nne, wote wima. Nikawasihi wakae. Wakakaa. Wakainuka. Wakaulizia viti vingine. Hakuna. Basi wakajikokota mpaka dirishani, wakaweka viwiko kwenye meza ya Binamu, wakashusha pumzi. Hawakubanduka tena. Kurasa saba zilizobaki nimezisomea migongo yao.

Jaji mkuu akauliza nani kabuni meza hii, maana hata nyumbani kwake hapumziki hivi. Binamu akanyoosha kidole. Majivuno hayo!

Jumatatu, 10 Machi
Studio imepata tuzo, kwa ile meza. Binamu ndiye kiongozi wa chumba cha michoro. Nimelia kidogo chooni. Kazi ile niliitaka sana.

Binamu akaniletea chai, akasema bila viti vyangu majaji wasingeifikia meza yake. Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Wema wa namna hiyo unaudhi.

Jumanne, 11 Machi
Mambo yamegeuka! Shangazi ameweka kiti changu chumba cha mikutano. Kimoja, cha kukalia mimi tu. Amesema kila nikiwa na wazo jipya, nilieleze nikiwa nimekikalia. Heshima iliyoje! Binamu hajatengewa hata stuli.

Nimetafakari sana kilichoniangusha. Kiti hakina kosa. Kosa ni kwamba majaji waliachiwa uhuru wa kusimama. Mwakani nitawafunga mikanda. Nimeshamwagiza fundi mitatu, na wa nne wangu mwenyewe, kwa sababu leo mkutanoni nilipokuwa nalieleza wazo hili, niliinuka nikaondoka kabla sijalimaliza.