Mnasema Koplo Sipriani Hayumo

Mtanda, Lindi
Juni, 1996

Kwa Bwana Leonard,
Mtunza Majina ya Askari,
Dar es Salaam.

Marahaba.

Najua hukuniamkia. Barua yako nimeisoma mbele na nyuma, nimeigeuza mpaka bahasha, shikamoo sikuiona. Nimeitikia hivyo hivyo kukusitiri, maana kwa sahihi ile yenye mikia kama kamba ya mbuzi iliyokatika nimekujua kuwa ni kijana, na mama yako asingependa kusikia. Mtu aliyepewa kazi ya kushika majina ya wenzake angeanza kwa kushika adabu.

Mimi ni Bibi Skolastika, mke wa Koplo Sipriani Chingwile, aliyekwenda vita vya Kagera akarudi na kipande cha chuma pajani, paja la kushoto. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Nilisoma kisomo cha watu wazima, chini ya paa linalovuja, kwa hiyo ukikuta herufi imelala usiiamshe, wewe pita. Jambo nililoomba lilikuwa dogo. Mtazame kwenye vitabu vyenu kwa nini mume wangu hakupewa medali yake ya vita, mrekebishe, muilete. Nawe ukanijibu kwa mashine kwamba hakuna kumbukumbu za askari wa jina hilo. Hakuna! Mtu ambaye asubuhi ya leo nimemkanda mguu kwa maji ya moto, akalalamika kuwa yanaunguza.

Basi nayapanga malalamiko yangu kwa namba, kama mnavyopenda nyinyi watu wa ofisini.

1. Umesema hayumo. Serikali ilikuja kijijini kwetu, juu huko Umakondeni, ikamkuta anapalilia mihogo. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mjomba wake, na mjomba ndiye aliyewaandikisha mgambo wote na kuwapandisha kwenye lori. Jembe lilibaki limesimama shambani mpaka nilipokwenda kulichukua mimi. Walimchukua mzima wakamrudisha anachechemea. Kama si nyinyi mliomchukua, basi nchi hii ilikuwa na serikali nyingine yenye malori, na hiyo ni habari ya kupeleka redioni, si kumwandikia bibi kizee.

2. Unataka namba yake ya jeshi. Mtu si gunia la korosho. Hata hivyo nimemuuliza, si mara moja, akaniambia nimwache anywe chai. Nikimuuliza habari za siku ile mlipokuja kugawa medali hapa Lindi, anainuka kwenda kuangalia kuku, na kuku wenyewe nimewafungia mimi. Ndivyo walivyo mashujaa wa kweli, hawajisifu. Wanaojisifu nitawafikia kwenye namba ya tano.

3. Hili limenichoma. Umeuliza kama mume wangu "aliwahi kutumia jina jingine". Mwanangu, majina mawili ni ya wezi na ya watu wanaokimbia kodi. Kwa kuwa hujui, nakufundisha. Huku kwetu mtoto wa kiume akiingia jandoni, jina la utoto analiacha huko huko porini pamoja na nguo zake kuukuu. Akitoka ni mtu mwingine, ana jina jipya, na la kale halitamkwi tena. Ukimwita kwa lile la kale umemwambia mbele za watu kuwa bado ni mtoto hajatahiriwa, na unatozwa kuku. Mume wangu aliingia na jina alilopewa na mjomba wake, akatoka Sipriani, padri akalibariki kwa maji. Mimi mkewe, niliyemzalia na kumzikia mama yake, hilo la utoto silijui na sijaliuliza. Kwa hiyo jina jingine hana. Tazama tena kwenye S.

4. Barua yako ilipitia sanduku la posta la parokia, na bahasha zenu siku hizi hazina gundi. Kabla haijanifikia mimi ilikuwa imeshamfikia jirani yangu Mwahija. Kufika jioni, kisimani kote kumejaa habari kwamba Sipriani hakwenda vita yoyote, kwamba wenzake walipokuwa Kagera yeye alikuwa Somanga kwa mwanamke mmoja mchoma samaki, na kwamba kilema kile ni cha kudondoka kwenye mkorosho. Mwahija akanipa pole kabisa, ameshika ndoo, kichwa amekiinamisha upande kama wa msibani. Unaona ulichofanya? Umemwoza mume wangu kwa mstari mmoja wa mashine. Sasa uzeeni nina mke mwenza Somanga, sura yake siijui, na watu wananiuliza kama samaki wake huwa ananiletea.

5. Siku ya Mashujaa hapa mjini mnafunga turubai. Wenye medali wanakaa chini yake kwenye viti, wanapewa soda, mgeni rasmi anawashika mkono. Wasio na medali wanasimama nyuma ya kamba, juani, pamoja na watoto wa shule na wauza barafu. Mume wangu miaka yote anasimama nyuma ya kamba, amevaa gwanda lake la vitani.

Na nani amekaa kiti cha mbele? Faustino. Huyu wakati wa vita alikuwa mlinzi wa ghala la ushirika, na adui pekee aliyepambana naye ni panya. Panya walishindwa, ghala likaisha hata hivyo. Sasa ushirika umekufa, biashara ni ruksa, Faustino ana duka la mitumba na viti vya kukodisha, na kifuani ana medali ya vita inayong'aa kuliko sufuria ya bibi harusi. Viti vya chini ya turubai ni vyake. Turubai ni lake. Ukiuliza medali aliipataje unaambiwa, bibi, siku hizi soko ni huria. Nilijua soko limefika kwenye sukari na kwenye nguo za wazungu waliokufa. Sikujua limefika mpaka kwenye vifua. Kama medali zinauzwa semeni, mlitaje duka kwa jina tulijue.

6. Mwaka jana mgeni rasmi alichelewa, jua likapanda, mzee wangu akaanguka. Alianguka hapo hapo penye kamba, akiwa amejinyoosha kama walivyomfundisha. Waliomwinua ni wauza barafu. Faustino aliagiza apelekewe soda, na mzee akakataa kuinywa.

Tangu siku hiyo amelikunja gwanda akaliweka chini ya sanduku. Ameniambia mwaka huu haendi. Ameniambia nilikate nitengeneze vitambaa vya kushikia sufuria. Barazani hakai, na maneno ya kisimani yamemfikia, maana mtu mwenye masikio hafichwi ya kisimani. Mtu aliyekuwa akinigombeza kwa chumvi, sasa nikizidisha chumvi anakula, nikisahau anakula. Nimejaribu makusudi. Bwana Leonard, mimi si mtu wa kulia kwenye karatasi, wino ni ghali. Lakini nimezoea kugombezwa na mume wangu na ninataka nirudishiwe.

7. Kwa hiyo, kama mnashikilia kwamba hayumo, basi tufuate njia hiyo hiyo mpaka mwisho wake. Kama hakwenda, chuma kilicho pajani ni mali ya jeshi la Uganda na kimeingia nchini bila ushuru. Njooni mkitoe. Kama hakwenda, ile miezi niliyolima peke yangu nikiwa na mimba nilikuwa nimeachwa, si kwamba nilikuwa nasubiri, na padri inabidi aulizwe upya kama bado tumeoana. Mbuzi aliyechinjwa aliporudi, kijiji kizima kilimla kwa ulaghai na kinapaswa kutubu. Na kama mlishinda vita bila yeye, irudieni vita hiyo, safari hii bila yeye kweli, tuone mtaishia wapi.

Lakini kama alikwenda, na wewe unajua alikwenda, basi medali moja haitoshi tena. Nataka yake ya vita. Nataka ya pili ya kusimama nyuma ya kamba, maana Kagera alikuwa na bunduki na hapa hakuwa na kitu. Nataka na yangu mimi, ya kulima, ya kusubiri, na ya kumsikiliza Mwahija bila kumpiga ndoo. Zote ziandikwe jina kwa ukamilifu. Na Faustino avuliwe aliyonunua, arudishiwe pesa zake na huko alikoinunua, tusije tukaambiwa tunaua biashara.

Ninamaliza hapa kwa kuwa karatasi inamalizika. Nisalimie mkubwa wako, na mkubwa wa mkubwa wako, na yule mpiga mashine, mwambie ana makosa machache lakini yote ni makubwa. Nisalimie mama yako kwa namna ya pekee. Watu wa Mtanda wote wanawasalimu, isipokuwa Mwahija, ambaye atawasalimu mwenyewe pindi barua yenu itakapopita mikononi mwake.

Mimi, ambaye bado ni mke wa mtu,
Bibi Skolastika

Baada ya sahihi:

Usiikunje barua hii bado. Huku kwetu barua inayomtaja mtu haipelekwi kabla hajasomewa, basi nimemsomea mzee. Nilipofika namba ya tatu chai ilimpalia. Nilipofika ya tano aliweka kikombe chini. Nilipomaliza akaniambia, "Mama Rosemary, hawa watu wa Dar hawana kosa."

Mjomba wake, alipowaandikisha, alimwandikisha kwa lile jina la utoto. Ndiye aliyempa, na kwa mjomba mpwa hakui. Huko Kagera mzee aliliitikia, maana ni nani wa kumcheka Kagera? Medali ikaja kwa jina hilo. Siku ya kugawa, hapa hapa Lindi, mume wangu alikuwa amekaa karibu na Evaristo, waliyeingia naye jando siku moja. Mkubwa wenu akaliita jina lile kwa kipaza sauti. Evaristo akaanza kutikisika kwa kicheko. Akaliita tena. Mume wangu, mtu mzima, baba wa watoto, asimame aitikie kitoto mbele ya Evaristo? Akatazama mbele, kama vile anayeitwa hamjui. Mkubwa akaliita mara ya mwisho, akauliza, jamani huyu hayupo? Na Faustino, aliyekuwa amekuja kuleta viti, akasema yupo, akasimama, akavishwa.

Miaka yote hii mzee anaitazama medali yake mwenyewe kwenye kifua cha mtu mwingine, na hawezi kudai, kwa kuwa kudai ni kulitaja. Evaristo naye hawezi kusema, anaogopa kuku.

Basi futa malalamiko yangu, la kwanza mpaka la saba. Anayetafutwa yumo. Kumbukumbu zenu ni sahihi na ninaomba msizirekebishe hata nukta. Kwenye S usitazame tena. Jina mzee bado hajanitajia, ila namba yake ya jeshi ameikumbuka mara moja, nimeiandika nyuma ya bahasha. Fungueni vitabu vyenu kwenye namba hiyo, jina mtalikuta.

Kisha alinichekesha, na yeye akacheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu alipoanguka. Alisema jina lile alilitupa porini pamoja na nguo kuukuu, na aliyeliokota akalivaa ni lake, mtumba ni mtumba. Halafu akaniambia uji wa leo hauna chumvi.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Siku ya Mashujaa njooni na kipaza sauti kizuri, cha betri mpya. Liiteni jina hilo, lote, polepole, Faustino asimame kwenye kiti chake cha mbele aitikie, Lindi nzima imjue kwa jina lake la kitoto. Akishaitika, daktari wenu ampandishe suruali mbele ya mgeni rasmi atafute chuma paja la kushoto. Asipokiona, achukue medali avuke nayo kamba, aiweke kwenye kifua cha mwenye chuma, na hapo mmwite Koplo Sipriani.

Gwanda nimeshaliloweka. Msichelewe kama mwaka jana.