Ramani Iliyonipitisha Uani kwa Mama Mkwe

Kwa Senhor Hermínio,
Mratibu wa Michezo ya Vijana, Palma.

Mheshimiwa Senhor,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na Dona Vitória. Mimi ni Amido, nahodha wa timu ya tatu katika Msako wa Vitu Kumi wa Jumamosi iliyopita, ule uliotutuma mjini kutafuta vitu ulivyovificha, kila timu ikifuata njia fupi iliyopangiwa na ramani ya mtandaoni. Tumekuwa wa mwisho. Hilo nimelimeza. Lakini posa yangu imesimama, na hilo halimezeki, kwa hiyo naishtaki ramani yako kama ifuatavyo:

1. Ramani haijui salamu. Iliandika kwamba kutoka sokoni hadi kisima cha zamani ni dakika tisa. Dakika tisa za nani? Njia ile ina baraza kumi na moja, na kila baraza ina mtu aliyenibeba nikiwa mchanga. Ukipita mbio bila kuulizia mguu wa Bi Zaida, kesho yake nyumbani kwenu kuna kikao. Tulifika baada ya saa moja na nusu, tumeshiba mihogo.

2. Kwenye ramani nyumba zote zimepakwa rangi moja ya kijivu. Ya fundi cherehani kijivu, ya mkwe kijivu! Naomba nyumba ya mkwe wa kila mchezaji ipakwe nyekundu, na njia ikatae kabisa kupita hapo, hata kama ni kuzungukia Olumbi.

3. Kwa kukosa nyekundu hiyo, laini ya timu yetu, iliyokuwa imenyooka vizuri tu, ilikata kona ghafla ikaingia uani kwa Bi Nadia, mama wa mchumba wangu Nuria. Nami ni mtiifu kwa teknolojia. Niliruka ua bila hodi, mbuzi ya kukunia nazi kwapani, maana ndiyo ilikuwa kitu cha sita kwenye orodha. Bi Nadia alikuwa kichwa wazi, anasukwa, uso mzima mweupe kwa msiro, ule unga wa mti wa kulainisha ngozi. Senhor, wewe ni mtu wa Beira, labda kwenu mkwe huonekana hivyo na watu wakaendelea na chai. Huku kwetu, mkwe akipita njiani tu nasimama kando nikitazama chini. Siku ile nilitazama juu. Alipiga ukelele uliosikika bandarini! Jioni mjomba wangu Dauto akaletewa maneno: posa isubiri mpaka mtu mzima mwenye ofisi yake aeleze kijana alifuata nini pale.

4. Washindi ni timu ya Arlete, wote watoto wa watumishi wa serikali waliohamishiwa hapa mwaka huu. Hawana shangazi hata mmoja Palma nzima, wamekimbia tu! Mwakani kila mgeni agawiwe shangazi wanne njiani. Mimi niko tayari kutoa wangu wote.

Kwa hiyo naomba umwandikie Bi Nadia barua, kabla wazee hawajakaa Ijumaa, useme kosa ni la ramani peke yake na Amido hakuhusika hata chembe. Igongwe muhuri wa bluu. Bila muhuri, katika nyumba ile barua ni karatasi ya kufungia karanga.

Msalimie Dona Vitória, wasalimie wote ofisini, na Arlete pia. Ramani usiisalimie.

Wako mwenye kuonewa,
Amido

Tanbihi: Bi Nadia akiomba kuiona ramani, tafadhali usimfungulie ukurasa wa mabadiliko. Kona ile niliivuta mimi mwenyewe, kwenye kompyuta yako, ulipotoka kwenda kununua mkate. Tangu nipose sijaruhusiwa kumwona Nuria, wiki ya tano sasa, naye alinitumia ujumbe kwamba mama yake Jumamosi anakwenda shamba, kule kijijini Mute. Hakwenda. Lakini Nuria ndiye aliyekuwa akimsuka, na aliponiona na mbuzi yangu alicheka mpaka chanuo likamdondoka. Fanya haraka na huo muhuri, Senhor. Nimemkumbuka mno.