Kanuni ya Wanaume Wawili

Kwa heshima na taadhima, Kata ya Mwabugulu inapenda kuutangazia umma kwamba zinaa ilikoma rasmi Jumatatu, saa mbili asubuhi. Wananchi waliokuwa na viporo walipewa Jumapili nzima wavimalize.

Mimi ndiye Bartholomeo Maduhu, Mwenyekiti wa Kamati ya Maadili ya Ndoa na Mienendo. Sikukiomba cheo hiki. Niliteuliwa na kikao nilichokiitisha mwenyewe, baada ya kuona wachimbaji wa dhahabu wanavyotuharibia jamii. Wanakuja bila wake, wanapanga chumba kimoja, halafu jioni wanapika pamoja na kucheka. Mtu mwenye maadili hacheki namna ile.

Tuliita mwezeshaji kutoka mjini atufundishe dalili za ushoga. Akazitaja: wanaume kushikana mikono, kula sahani moja, kulala chumba kimoja. Kesho yake tukaingia sokoni kukamata. Kufikia mchana tulikuwa tumekamata karibu soko zima, maana huku kwetu Msukuma akikushika mkono kukusalimia hauachii mpaka amalize kuulizia ng'ombe wako. Diwani mwenyewe tulimkuta ameshikana mikono na mwalimu mkuu wakijadili mvua. Kwa busara, Kanuni ya Kwanza, ya kushikana mikono, ikaahirishwa hadi mvua zitakapokwisha.

Zilibaki nyingine. Ya Pili: wanaume wawili wasilale chumba kimoja. Ya Tatu: mwanamume asilale kwa mwanamke ambaye hajamwoa, hata kama wameshazaa, mambo ya sogea tukae basi. Wenye gesti nao tukawaagiza wasipokee wawili wasio na cheti cha ndoa, wala mtu mmoja, maana aliye peke yake bila shaka anamsubiri mtu. Ya Nne iliongezwa na Mzee Agapiti, katekista mzaliwa wa Ushirombo. Niliisaini bila kuisoma, kwa kuwa ilianza na jina la Mungu.

Kesi ya kwanza ilikuwa ya Theonest na Ansgar, wachimbaji, wapangaji wa Mama Davis. Ansgar hakufika; alikuwa kitandani tangu duara, yaani shimo la dhahabu, lilipomwangukia. Ofisi ya kata ilijaa watu. Mke wangu Evelina alikuwa mlangoni na sufuria ya makande ya wajumbe.

"Shikamoo, mheshimiwa," alisema Theonest.

"Marahaba. Mnalala chumba kimoja?"

"Ndiyo."

"Vitanda vingapi?"

"Kimoja."

Watu wakaguna. Nikasogeza miwani.

"Usiku mnafanya nini?"

"Namgeuza."

"Eleza kwa lugha ya kikao."

"Miguu yake haina kazi, mheshimiwa. Daktari kasema asipogeuzwa atatoka vidonda, na vidonda vitamuua. Basi namgeuza, namfuta, namnywesha uji, nalala."

"Ni ndugu yako?"

"Si ndugu. Nampenda tu."

Nikamtazama katekista, kwa kuwa sehemu hiyo ilikuwa ya idara yake.

"Mwanangu," alisema Mzee Agapiti taratibu, "Kanisa linafundisha ndoa ni ya mume na mke, na mimi sitakudanganya kwamba linafundisha jingine. Ila kumfuta mgonjwa ni dhambi? Hiyo sijaisoma popote."

Asteria, afisa ustawi wa jamii, akanyoosha mkono. "Mimi kazini situmii Biblia. Nauliza jambo moja tu: nani kaumizwa hapa?"

"Maadili yameumizwa," nikamjibu.

"Yamelazwa wapi, tukayaone?"

Watu wakacheka. Nikagonga meza. Mama Davis akasimama bila kupewa nafasi. "Mkimfukuza huyu, mgonjwa mtamgeuza nyinyi kwa zamu?"

Wajumbe walitazama dari, ambayo kwa kweli inahitaji ukarabati. Nikatoa uamuzi: Theonest ahame kabla ya Jumapili, na Ansgar abaki chini ya uangalizi wa jamii. Nikauliza nani atajitolea kuwa jamii. Ajenda hiyo ikakosa mchangiaji.

Theonest alikuwa amekaa sakafuni, analia bila kujificha.

Ndipo Evelina akatua sufuria. "Mwenyekiti, Kanuni ya Nne inasemaje?"

Katekista akaisoma: mume asiyemtunza mkewe katika ugonjwa hahesabiwi kuwa na ndoa, na aondoke nyumbani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia. Niliiona imeandikwa kwa ukali usio wa lazima.

"Nilipopasuliwa tumbo mwaka jana, nani alinigeuza?" akauliza Evelina.

"Mke wangu, hayo ni mambo ya nyumbani."

"Ya hawa ni ya wapi?"

Nikaomba tupokee ajenda inayofuata.

"Alinigeuza dada yangu," akasema. "Wewe ulikuwa Buseresere kwa Melania."

Nilikifafanulia kikao kwamba Buseresere ni kituo changu cha kikazi. Kikao kikapiga kura kwamba niondoke nyumbani. Hata Ndaki, mjumbe niliyemteua mwenyewe kwa sababu ya utiifu wake, aliinua mkono, tena wa kulia. Na kiwanja cha nyumba yetu ni cha baba yake Evelina. Begi langu nililikuta limeshafungwa, jambo linaloonyesha maandalizi ambayo sekretarieti yangu haijawahi kuyafikia.

Nikapanda bodaboda hadi Buseresere. Melania alinitazama kupitia dirisha.

"Una cheti cha ndoa?"

"Melania, ni mimi."

"Ndiyo maana nauliza. Si wewe uliyesema hapahapa kwamba na sisi tuige mfano wa Mwabugulu? Tumeiga. Safari njema, baba."

Nikajaribu gesti ya pale stendi. Mhudumu akanikagua kuanzia kofia hadi viatu. "Peke yako? Unamsubiri nani, mzee?"

Jua linazama, nikawa nimesimama uani kwa Mama Davis na begi langu. Vyumba vyote vilikuwa vimejaa. Theonest alikuwa anafungasha nguo zake. Aliponiona hakucheka, na kwa kweli afadhali angecheka.

"Ingia, mheshimiwa. Uji upo."

Akanitandikia mkeka. Ansgar akaniuliza kutoka kitandani, kwa sauti ya mgonjwa, "Na kanuni je?"

Nikatafakari kama kiongozi.

"Kanuni inakataza wanaume wawili," nikasema. "Sisi ni watatu."

Theonest akazitoa nguo zake kwenye mfuko, akazirudisha msumarini moja moja. Kisha akaniita nishike miguu, maana wakati wa kugeuza ulikuwa umefika. Nikashika.

"Sivyo, mheshimiwa, unamuumiza. Kwani hujawahi kumgeuza mtu?"

Nikamjibu kwamba suala hilo bado lipo kwenye mchakato.